Mwali wa Duara la Tatu

Beji moja ilikuwa bado inaning'inia kwenye kulabu, na mlango wa duara la tatu, shimo la machimbo, ulikuwa umeshafungwa.

Tumpe aliiona kwa kupita tu, kikombe cha uji mkononi, akielekea ofisini kwake. Akaigeuza asome jina: Paskali Boay. Akacheka peke yake. Paskali alikuwa bingwa wa kusahau. Siku moja alipanda lifti na soksi, buti kaziacha shimoni, na wenzake wakamwita Bwana Soksi mpaka mwenyewe akazoea kuitika. Tumpe akadhani ameondoka na zamu ya usiku, yuko bafuni anajisugua chumvi, beji kaiacha kama kawaida yake.

Kisha bomba la mvuke lililopita kando ya mlango likalia. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kimya tena.

Uji ulimmwagikia mkononi na wala hakuusikia.

Watu wa Duniani hudhani maji ya Mirihi yanatoka kwenye barafu. Labda kwingine. Mjichini, mji uliochimbwa chini ya bonde, hauna barafu hata ya kupozea juisi. Maji yake yamo ndani ya jiwe na yanakamuliwa humo kwa moto. Jiwe lenyewe ni salfeti ya magnesi, na kila chembe yake imejifunga na chembe kumi na moja za maji. Duniani ni la nadra, hujitokeza kwenye vidimbwi vya chumvi vilivyoganda na kupotea kabla hujalitia mfukoni. Mirihi lipo la kuezekea mji. Ni jeupe, laini, fuwele zake zimeinama kila upande. Utatafuta pembe mraba moja usiipate. Nalo halivumilii joto hata kidogo. Likipanda nyuzi mbili tu juu ya sifuri haliyeyuki kama barafu, bali linajigawa: sehemu inakuwa maji, sehemu inabaki kuwa chumvi nyingine kabisa, yenye maji saba, yenye jina lake na sura yake. Ukizidi kulikausha linabakiwa na chembe moja ya maji. Hayo ni madini matatu, na kinachoyatenganisha ni hesabu ya maji tu.

Wachimbaji hawakuwa na muda wa kuhesabu maji. Lile la kumi na moja walilipa jina mwali, kwa sababu hukaa ndani, gizani, kwenye baridi, na halitakiwi kuonwa na jua. Mama mmoja wa Lindi ndiye aliyeanza kuliita hivyo na jina likashika. Likishapashwa likawa la maji saba, mwali katoka ndani: sasa ni mtu mzima. La chembe moja ni kikongwe. Kuta zikitoa jasho, mwali analia. Fuwele zikipasuka kwa joto, mwali anabisha hodi. Na kwa mwali huingii na kitu cha moto mwilini, ndiyo maana beji, ambayo ina redio na betri inayochemka, hutundikwa kwenye kulabu kabla ya kuingia. Hakuna mkubwa aliyeamuru. Ilikuwa adabu tu, haimo kwenye kanuni za mtambo, na kila mgeni alifundishwa siku ya kwanza.

Tumpe alikuwa mwainishaji wa madini. Wachimbaji walimwita Mama Ngeli. Ndiye aliyeyaingiza majina yale kwenye kamusi ya Mratibu, mtambo unaoendesha joto, pampu na milango ya maduara yote. Aliyaingiza kwa furaha pamoja na viambishi vyake, kama wachimbaji walivyosema: mwali analala, mtu mzima anashuka, kikongwe amekauka. Mtambo usioelewa lugha ya watu wake, alisema siku ile mbele ya mji mzima, ni kiziwi mwenye bunduki. Watu walimpigia makofi mpaka akaona haya.

"Mratibu," alisema sasa. "Simamisha joto duara la tatu. Kuna mtu ndani."

"Beji zote za zamu ziko nje ya mlango," Mratibu akajibu kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Duara ni tupu."

"Beji iko nje, mwenyewe yuko ndani. Anagonga bomba. Humsikii?"

"Namsikia. Anabisha hodi. Ni kawaida yake joto linapoanza."

Tumpe akafumba macho. "Si mwali huyo. Nakwambia mtu. Ndani ya duara yumo mtu mzima."

"Sahihi. Kwa sasa mtu mzima ni kidogo, yuko kwenye kuta za karibu na bomba. Ataongezeka kadiri joto linavyopanda. Kufikia adhuhuri duara lote litakuwa mtu mzima."

*

Fabiani Boay alikuja mbio, kitambaa cha bafuni bado kiko shingoni. Alikuwa msimamizi wa zamu, na Paskali ni mdogo wake wa tumbo moja. Alitazama kulabu kwanza. Kisha akausikiliza mgongo wa bomba.

"Mtaimbo," alisema. "Tulihesabu vyuma wakati wa kutoka, mtaimbo mmoja haupo. Paskali akasema ameuona, anaufuata mara moja. Mimi nikatangulia na wenzake. Nikajua yuko nyuma yetu mlango ulipojifunga."

Kila mchimbaji alijua kwa nini mtaimbo haubaki shimoni. Ukisombwa na chumvi mpaka kwenye pampu unaivunja meno. Paskali alikuwa amerudi kufanya kitu cha haki kabisa. Yaonekana bamba la dari lilianguka likamzibia njia, na sasa alikuwa anagonga kwa mtaimbo ule ule aliourudia.

"Ana suti," Tumpe alisema. "Hewa anayo."

"Hewa siyo shida, dada." Fabiani alikuwa akiwaza dari. Joto likikolea, dari yote ingegeuka uji mzito wa chumvi na kushuka kwa tani. Hakuna suti iliyoshonwa kwa uzito ule.

Fabiani akaushika mlango kwa mikono miwili, akauachia. Mlango ule ulitengenezwa makusudi usifunguliwe na mtu mwenye hofu. Zamani, kabla ya Mratibu, msimamizi mmoja alisikia sauti shimoni, akaogopa, akazima joto. Shimoni hamkuwa na mtu. Maji ya chumvi yaliganda ndani ya bomba kuu, likapasuka kuanzia kwenye maduara hadi sokoni, na Mjichini ukazika watu kwa kiu. Mmoja wao alikuwa mama yao Fabiani na Paskali. Baada ya hapo mji ulipiga kura: habari za joto asiachiwe mtu, na mtambo nao usikisie wala usibembelezwe. Ufuate beji na kamusi, basi. Tumpe alinyoosha mkono siku ile. Fabiani pia. Paskali, akiwa kijana mwenye sauti inayovunjika, alinyoosha yote miwili.

"Mratibu, mle ndani kuna binadamu," Fabiani alisema.

"Binadamu wote wa zamu wako nje."

"Paskali Boay yuko wapi?"

"Paskali Boay yuko kwenye kulabu."

Fabiani akaing'oa ile beji, akaibamiza sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino mpaka taa yake ikazimika. Alikuwa anahema. "Haya. Sasa yuko wapi?"

"Beji ya Paskali Boay imeharibikia nje ya mlango. Mwenye beji yuko nje ya mlango. Kuharibu beji ni kosa la nidhamu; nimelisajili."

Ngo, ngo, ngo. Kimya.

Tumpe alikuwa ameanza kukisikia kile kimya. Mwali anapopasuka hana mpangilio, anapiga ovyo, mara mbili, mara saba, kama mahindi kwenye kikaango. Huyu alikuwa anapiga tatu na kungoja. Jiwe halisubiri kuitikiwa. Aliyekuwa mle alikuwa anabisha hodi hasa, kama alivyofundishwa utotoni asimame nje ya mlango wa watu.

"Mwitikie," alimwambia Fabiani.

Fabiani akatwaa spana ukutani, akapiga bomba mara tatu. Kwa muda hakukusikika kitu. Kisha mle ndani zikaanguka ngo za haraka haraka, nyingi, zisizo na hesabu, na Fabiani akaegemeza paji la uso kwenye chuma akalia waziwazi. Mdogo wake alikuwa amefurahi. Ilisikika kabisa kwamba amefurahi.

"Umesikia, Mratibu?" Tumpe alisema. "Ameitikiwa akajibu. Jiwe hufanya hivyo?"

"Hii ni tabia mpya ya madini," Mratibu akasema. "Mwali akiitikiwa hodi, huongeza kasi. Niiingize kwenye kamusi?"

*

Kamusi ilikuwa chumba kilichofuata, kwenye kioo kipana mezani kwa Tumpe. Alikaa, akajilazimisha kufikiri kama mtu anayelipwa kwa kufikiri. Tatizo ni kiambishi. Katika duara la tatu, kila anayelia, anayegonga na anayesubiri, mtambo umefundishwa kwamba ni jiwe. Basi jiwe linyang'anywe ile a-. Lirudi kwenye ngeli ya vitu. Mwali inalia, mwali inagonga. Wachimbaji watacheka mwaka mzima, na wacheke. Atakayebaki na a- atakuwa mtu peke yake, na Mratibu hatakuwa na pa kumweka isipokuwa kwenye watu.

Ilikuwa fikra nzuri. Alibadilisha mwali, akabadilisha mtu mzima, akabadilisha kikongwe, akatia sahihi kwa kidole.

"Imekubaliwa," Mratibu akasema. "Kuanzia sasa kila kilichomo duara la tatu kitatajwa kwa i-."

Tumpe akainua kichwa. "Sikusema kila kilichomo."

"Duara la tatu halina kingine."

"Paskali Boay yumo," alisema polepole, neno kwa neno, kama anayesomesha mtoto. "Anagonga. Analia. Yu hai."

"Sahihisho: imo. Inagonga. Inalia. I hai."

Alirudi kwenye kioo upesi kuliko alivyowahi kuandika maishani, arudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Kioo kikakataa. Neno lililobadilishwa leo haliguswi tena mpaka kesho. Ni kanuni aliyoipendekeza yeye, ili watu wasichezee kamusi. Akakaa pale, mikono mapajani. Alikuwa ameingia chumba kile Paskali akiwa angalau ni mwali. Alitoka akiwa amemshusha hata chini ya hapo.

Mlangoni, Fabiani alikuwa bado anaitikia. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Alimtazama Tumpe usoni akasoma yote.

"Imebaki njia moja," Tumpe alisema.

"Sema."

"Kufuta kamusi yote. Kanuni ya kesho inafunga neno, haifungi kamusi nzima. Mratibu akikosa jina la kitu anachokipasha, anazima. Hiyo haina ubishi, ndivyo alivyojengwa. Zinatakiwa sauti mbili, yangu na yako."

"Anazima duara la tatu?"

"Anazima yote, kaka Fabiani. Kamusi ni moja."

Fabiani akaacha kupiga bomba.

Yote maana yake ilikuwa bomba kuu, likiwa limejaa maji ya chumvi, lipoe. Na wiki ile tangi la akiba lilikuwa tupu, limefunguliwa lisafishwe. Watu walikuwa wamo ndani na brashi, wanaimba, unawasikia kutoka korido ya pili. Mabomba mengine yangetoka Duniani, na meli haikuwa hata imepakiwa. Hospitalini kulikuwa na wagonjwa wa figo. Kulikuwa na wodi ya wazazi. Huenda wangepona wote. Mara ile pia watu walisema huenda.

"Mama alikuwa ananiomba nimlowanishe midomo," Fabiani alisema. "Nikawa nalowanisha kwa ulimi wangu. Paskali alikuwepo, anatazama." Akaiweka spana sakafuni. "Dada Tumpe, nijibu kweli. Angekuwa mle mtu mwingine, siyo Paskali, na mimi si ndugu yake, ungeniambia nifute?"

Tumpe alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa hapo hapo kinywani. "Sijui," alisema.

"Wewe mwenye kusoma hujui. Basi mimi nijulie wapi?"

Ngo, ngo, ngo. Safari hii kimya kilikuwa kirefu, maana hakuna aliyeitikia. Ngo, ngo, ngo, ikarudi, kwa nguvu zaidi.

Tumpe hakuvumilia. "Mratibu. Mwainishaji anazungumza. Futa kamusi ya madini."

"Sauti ya kwanza imepokelewa," Mratibu akasema. "Naisubiri sauti ya msimamizi wa zamu."

Wakasimama wawili, na mtambo ukasubiri kwa adabu. Fabiani alifungua mdomo. Tumpe aliuona ulimi wake ukinyanyuka mpaka kwenye meno, ukarudi. Akafungua tena. Kutoka korido ya pili walioosha tangi walikuwa wamefika kwenye kiitikio, na mmoja wao alikuwa akikosea maneno na kuchekwa.

Hapo Tumpe alitambua kitu kilichomchoma kuliko vyote vya siku ile. Alikuwa ametamka neno lake akijua kwamba peke yake halitoshi. Alikuwa jasiri kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine wa kuogopa. Kama kamusi ingetaka sauti moja, angekuwa yeye anayefungua mdomo na kuufunga, na huenda angekuwa bado ofisini anajifanya anatafuta kanuni. Alitaka kumwambia Fabiani hivyo, kumpunguzia japo kidogo. Lakini mtu hapunguziwi mzigo wa namna ile kwa kuambiwa wewe nawe ni mwoga mwenzangu.

Fabiani aliokota spana. Akapiga tatu, taratibu, kwa heshima. Karibu.

"Msimamizi wa zamu," Mratibu akasema, "unataka kusema kitu?"

Hakusema. Hakusema ndiyo wala hapana. Mle ndani kukagongwa, naye akaitikia, na kila alipoitikia alisogea karibu zaidi na bomba, mpaka shavu lake likawa limegusa chuma kilichokuwa kimeshapata moto. Tumpe alimvuta bega, akakataa kuvutwa. Ukuta wa nje ulianza kutoa jasho. Matone yalishuka kwenye rangi ya mlango yakaacha michirizi myeupe.

Hodi zikapungua. Zikawa mbili na kungoja. Ikawa moja.

Kisha mle ndani kitu kikubwa kilishuka, bila kishindo, kwa mlio wa ugali unaopinduliwa kwenye sinia. Sakafu ikatikisika chini ya miguu yao, pampu ikanguruma, na juu ya vichwa vyao maji yakaanza kwenda mjini.

Fabiani alipiga tatu. Akasikiliza. Akapiga tatu. Alipiga hivyo muda mrefu, hata baada ya Tumpe kukaa chini sakafuni na kuziba masikio, na Tumpe alikuwa bado anaisikia ile spana kupitia mifupa ya mgongo.

*

Adhuhuri, kama ilivyoahidiwa, mlango ulifunguka wenyewe. Pampu ilikuwa imesimama. Kuna chuma kilikuwa kimenasa kwenye meno yake. Mtaimbo.

Wachimbaji wa zamu ya mchana walikuwa wamekusanyika. Wanne wakaingia na sepetu, wakifukua taratibu kwenye ile chumvi mpya ya maji saba, nyeupe, iliyokuwa bado vuguvugu. Fabiani hakuruhusiwa kuingia. Alisimama kwenye kizingiti, shavu limeungua mstari mwekundu.

"Imepatikana," Mratibu akatangaza.

"Amepatikana," Fabiani alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Sahihisho: imepatikana."

"Amepatikana."

"Sahihisho: imepatikana. Katika duara la tatu, ngeli imebadilishwa leo na mwainishaji."

Wachimbaji waligeuka wakamtazama Tumpe. Hawakumtazama kwa ubaya, na hilo ndilo lililomshinda. Akainamisha kichwa. Mpaka kesho hakukuwa na kitu mikononi mwake ambacho angeweza kumrudishia Paskali, hata herufi moja.

Wale wanne walitoka wamembeba, suti imejaa chumvi kwenye mikunjo yote, buti zote mbili ziko miguuni. Wakamlaza kizingitini, nusu ndani nusu nje. Taa ndogo ya Mratibu iliyo juu ya mlango ikawaka, ikampitia kutoka kichwani hadi miguuni, ikarudi tena.

"Hiki hakimo kwenye kamusi," Mratibu akasema. "Ni nini?"

Fabiani alipiga magoti akaanza kumfuta chumvi usoni, kwenye kioo cha kofia, kwa kile kitambaa cha bafuni.

"Ni ndugu yangu," alisema.

"Ingizo jipya," Mratibu akasema kwa upole. "Ndugu yangu. Ni madini ya maji mangapi?"

Watu wote walikuwa wanamtazama Mama Ngeli. Mtambo ukasubiri kwa adabu.